Makaa Bila Mawe

Alama ilikuwa nyekundu, imepigwa kwa brashi pana na mtu asiye na haraka wala haya, msalaba uliolala kutoka pembe hadi pembe ya mlango wa jiko. Watu wa namna hii hawakosi rangi. Maji hukosekana, dawa hukosekana, mwalimu wa shule ya msingi hukosekana mwaka mzima, lakini rangi nyekundu ya kuchorea milango ya wajane haijapata kuadimika popote.

Terry aliitazama kwenye simu ya mumewe, Augustine, wamekaa bega kwa bega kitandani, katika chumba walichokodi mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, huko Qatar. Chumba kilikuwa nusu ya sebule ya watu, kimetengwa kwa mbao nyembamba, na upande wa pili mtu alikuwa akikoroma. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, siku pekee ambayo Augustine hakushika usukani mapema.

"Mmeiona?" mama mkwe aliuliza. Wote wawili walimwita Mwaitu, yaani mama, kama wanavyosema kwao Ukambani. "Wamepiga kwa nyumba, wamepiga kwa jiko, wamepiga na kwa choo. Sasa niulize, choo kimewakosea nini?"

"Akina nani hao, Mwaitu?" Augustine alisema.

"Vijana wa kampuni ya makaa. Nikawaambia hapa ni kwa marehemu Nzioka, hakuna aliyeuza. Wakaniambia, mama, tulia, kijana wako alikubali, yule wa Uarabuni. Nikasema mnasema uongo. Wakanitolea simu wakanichezea sauti yako. Ni wewe, Augustine. Hata kicheko ni chako."

"Mimi? Nilikubali nini?"

"Si makaa! Wanasema tuhame kabla ya mvua. Mimi, nihame na nani? Na baba yako aliyelala pale nyuma nimbebe mgongoni?"

Terry alimtazama mumewe. Uso wake ulikuwa umemshuka kama wa mtoto aliyevunja chungu.

Augustine alikumbuka, ndiyo. Alikuwa uwanja wa ndege, ameegesha gari la limozini analoendesha, ameshika kibao chenye jina la mgeni, simu ikalia. Kwenye skrini palikuwa na kikao cha chifu, viti vya plastiki, na kijana mmoja mwenye meno mazuri aliyejitambulisha kama Wanjohi, afisa wa kampuni wa kuongea na wenyeji. "Kaka mkubwa," Wanjohi alimwambia, "wazee hapa wanasema neno lako ndilo la mwisho. Tuna mradi wa makaa huku kwenu. Unakubali makaa yatolewe?" Augustine akafikiria ile miti ya miiba nyuma ya boma, isiyofaa hata kwa kivuli, na wachoma makaa wanaozunguka vijijini kuiomba. Akacheka. "Makaa? Si watoe tu! Hata Mama atapata ya kupikia!" Kikao kizima kikacheka, naye akacheka nao. Kisha mgeni akatokea na mabegi, Augustine akakata simu.

Basi. Hicho ndicho kibali. Baba alikwenda kaburini shamba likiwa bado kwa jina lake mwenyewe, wazee wakasema mkubwa wa nyumba aulizwe, na mkubwa wa nyumba akalitoa shamba kwa utani, amesimama mlangoni mwa uwanja wa ndege akimngoja mtu asiyemjua.

"Lakini Mwaitu," Terry alisema, "kukata miti kunahitaji watu wahame kweli?"

"Wanasema ni kiwanda. Ati wataweka makaa ndani, yatoke mafuta ya gari."

"Mafuta ya gari? Kwa makaa?"

"Mwanangu, mimi nakuambia nilivyoambiwa."

*

Mchana alikuja Iddi kula, kama Ijumaa zote baada ya msikiti. Iddi alikuwa dereva mwenzake Augustine, Mtanzania wa Songea, mtu wa maneno mengi na mkono mwepesi wa kukoroga ugali. Walikalia magazeti sakafuni, sufuria katikati. Terry ndiye aliyemsimulia, maana Augustine alikuwa amekaa na tonge mkononi bila kulipeleka kinywani.

Iddi alianza kwa kucheka. "Dizeli kutoka kwenye mkaa! Shemeji, hao wamewavisha miwani ya mbao." Halafu akaacha kucheka ghafla. "Hebu ngoja. Huyo jamaa alisema mkaa, au alisema makaa?"

"Makaa," Augustine alisema. "Kuna tofauti gani?"

"We bwana, tofauti ya mbingu na ardhi! Mkaa unachoma mti unaupata, unapikia. Makaa ni ya mawe. Yale meusi ya kuchimba. Kwetu yako, nimekua nikiyaona. Shimo lake ukisimama ukingoni, lori lililoko chini unaliona kama kiberiti."

"Sisi Kenya yote tunaita makaa," Terry alisema polepole. "Ya kupikia ni makaa. Yale mengine ni makaa ya mawe."

"Ndipo mlipopigwa hapo. Kaacha mawe makusudi."

Augustine alirudisha tonge kwenye sahani.

"Na hayo mafuta ni kweli?" Terry aliuliza.

"Kweli kabisa. Wanayasaga, wanayapika kwa mvuke na moto mkali mpaka yanakuwa gesi, ile gesi wanaipitisha kwenye mitambo, inatoka dizeli safi. Si hapa hapa Qatar, kule kaskazini, wanageuza gesi kuwa dizeli? Ni jamaa yake huyo. Ila hapa gesi inatoka baharini. Kwenu wataitafuta chini ya kitanda cha mama."

"Na mvuke ni maji."

"Hayo maji shemeji usiulize. Mitambo ile inakunywa usiku na mchana."

Terry aliinuka akaenda jikoni, jiko walilotumia pamoja na vyumba vingine, akasimama pale bila kazi yoyote. Aliyajua maji ya kwa Mwaitu. Alipoolewa alikwenda naye kwenye mto wa mchanga, wakachimba kwa mabakuli, wakakaa wakisubiri maji yajikusanye chini ya shimo, kikombe kimoja kimoja, huku Mwaitu akimpa ng'ombe wa jirani zamu yake. Na mtu anakuja na suti kusema atapika mawe kwa maji hayo. Hasira ilimpanda mpaka akaona masikio yanawaka. Wala haikuwa hasira kwa Wanjohi peke yake. Mwanamke anaishi juu ya udongo miaka yote, anaulima, anazika mume ndani yake, halafu swali linavuka bahari kwenda kuulizwa mwanamume aliyeshika kibao!

Aliporudi, Augustine alikuwa akiongea na simu, amesimama wima kama aliyeitwa ofisini.

"Ndiyo. Ndiyo, Bwana Wanjohi. Nitakuwepo." Akakata. Hakumtazama mkewe. "Wako hapa. Yeye na mkurugenzi wake. Wanatafuta wawekezaji, kuna mkutano wa nishati mbadala Jumatatu. Wanataka nivae suti niseme maneno mawili kwa niaba ya familia. Ni hotelini kazini kwako."

"Na ukasema utakuwepo."

"Nimesema nitakuwepo. Sijasema nitasema nini."

"Utasema hapana," Terry alisema. "Neno moja, Augustine. Halikuumizi ulimi."

"Unaongea rahisi. Limozini zetu zinalishwa na hoteli hiyo hiyo. Mgeni mkubwa akinung'unika, napandishwa ndege kesho yake. Wewe pia. Tutarudi nyumbani bila kazi, na huko nyumbani penyewe pamepigwa rangi."

Iddi aliosha mikono, akaaga. Alijua kwamba hayo hayakuwa ya mgeni.

*

Ukumbi ulikuwa umepambwa kama harusi. Kazi ya Terry siku hiyo ilikuwa chetezo. Katika hoteli hiyo wageni wakubwa hupokewa kwa udi, na msichana huvalishwa vazi refu la zari, akazunguka taratibu na chetezo cha shaba chenye makaa ya moto, mgeni akavuta moshi kwa kiganja hadi kwenye nguo zake. Msimamizi wake, Scovia, Mganda asiyependa mchezo kazini, alimwekea udi juu ya makaa kwa koleo ndogo.

"Tabasamu, tembea, nyamaza," Scovia alisema. "Mgeni akikuuliza kitu, niite mimi. Sawa, nnyabo?" alimalizia kwa Kiganda, yaani bibi.

"Sawa, madam."

Mbele ya ukumbi palikuwa na meza yenye kitambaa cheupe. Juu yake kisanduku cha kioo, na ndani ya kioo jiwe jeusi linalong'aa, limewekewa taa kama kito cha malkia. Kando ya jiwe, chupa ya mafuta meupe kama maji. Mkurugenzi wa kampuni, mtu mnene mwenye sauti ya redio, aliyaeleza hayo mafuta kwa Kiingereza kama mtu anayeposa: dunia inachoka na mafuta ya visima, nchi maskini zinanunua dizeli kwa jasho, na hapa pana jiwe linaloweza kuendesha malori na ndege. Huenda hata hakusema uongo. Terry alizunguka na moshi wake, akasikiliza, akaona kwamba mtu huyo alitaja tani, alitaja mapipa, alitaja bandari, na hakutaja mtu hata mmoja.

"Na wenyeji?" aliuliza mwanamke mmoja wa mstari wa mbele, mwenye kilemba cha kijivu na miwani. "Wanahama kwa hiari?"

Mkurugenzi alitabasamu kama aliyekuwa akilingoja swali hilo. Taa zikapunguzwa. Ukutani ukatokea uso wa Augustine, mkubwa kuliko mlango, na shati lake la udereva, na kile kibao kwapani. Sauti yake ikajaa ukumbini. *Makaa? Si watoe tu! Hata Mama atapata ya kupikia!* Na chini yake, kwa Kiingereza safi, waliandika: Makaa ya mawe tunayatoa kwa moyo mmoja, mama zetu nao watapata nishati. Kisha kicheko chake. Watu wakapiga makofi.

Terry alisimama na chetezo chake, akiwa amepigwa na butwaa. Neno lililokosekana walilitia wao wenyewe. Mawe waliyoyaficha Ukambani waliyatoa huku, mbele ya wenye pesa.

"Na leo tunaye hapa!" Wanjohi aliruka jukwaani, meno yote nje. Akamshika Augustine mkono, akamvuta. Suti ilikuwa ya Iddi, mikono mirefu kidogo. "Ongea Kiswahili, bro," alimnong'oneza, lakini kipaza sauti kikasikia. "Wageni wanapenda lugha ya nyumbani. Mimi natafsiri."

Augustine alikohoa. Alimtafuta mkewe kwa macho, akamwona karibu na meza ya kahawa, kwenye moshi. "Mimi," alisema, "siku ile nilidhani ni makaa ya kupikia. Sikujua ni ya mawe. Mama yangu hataki kuhama. Mimi pia nasema... nasema hapana."

Alikuwa amelisema.

Wanjohi hakutikisika hata ukope. "Anasema," akatafsiri, "mama yake amechoka kupikia kuni, na familia yote inangojea mradi huu kwa hamu. Anawashukuru."

Makofi tena. Na Augustine, aliyeelewa kila neno la Kiingereza hicho kwa kuwa ndicho kilichompa mkate kila siku, aliwageukia wageni. Wageni walimtabasamia. Miaka yote katika mji huu alikuwa amefundishwa kitu kimoja, kwamba mgeni akitabasamu nawe utabasamu. Akatabasamu. Akaanza kushuka jukwaani.

Hapo ndipo Terry aliposahau kutembea taratibu. Alipita katikati ya viti, vazi la zari likiburura, hadi kwenye ile meza nyeupe, akakiweka chetezo chini kando ya kisanduku cha kioo. Kishindo kilikuwa kidogo tu, shaba juu ya mbao, lakini ukumbi mzima uligeuka.

"Mume wangu hakusema hivyo," alisema kwa Kiingereza. Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Amesema hapana. Mlipomuuliza, mlimuuliza kuhusu hiki." Akaonyesha makaa mekundu chini ya udi. "Kwetu hiki kinaitwa makaa. Kinatoka kwenye mti, tunapikia chai. Na hili ndani ya kioo ni makaa ya mawe. Linatoka chini ya nyumba ya mama. Bwana huyu ameficha neno moja, amechukua boma zima."

"Terry!" Scovia alinong'ona kutoka nyuma, kwa uchungu. "Banange, Terry!"

"Ni mambo ya lugha, mabibi na mabwana," mkurugenzi alisema, akicheka bila kuchekeshwa. "Kiswahili kina mafumbo yake. Hili tutalimaliza pembeni."

Mwanamke wa kilemba cha kijivu hakucheka. Alimgeukia Augustine, ambaye alikuwa amekwama kwenye ngazi ya jukwaa, mguu mmoja juu, mmoja chini. "Ni kweli anavyosema?"

Augustine alimtazama Wanjohi, akamtazama mkurugenzi. Akamtazama mkewe, amesimama mikono mitupu katika nguo ya kuazimwa.

"Kweli, madam," alisema kwa Kiingereza. "Na mama yangu hakuulizwa kabisa. Niliulizwa mimi."

Mwanamke yule alifunga kabrasha lake. Wengine hawakufunga. Mmoja aliuliza kama kahawa iko tayari, na kwa kuwa ilikuwa tayari, ukumbi ukainuka kwenda kwenye tende na keki, ukizunguka ile meza yenye moto na jiwe kama watu wanaokwepa tope. Hicho ndicho Terry alichoshindwa kukisamehe baadaye, kuliko hata rangi mlangoni: jinsi walivyokula. Wanjohi alipita karibu naye, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini na upole wa kutisha, "Madam, umejimwagia unga. Na shimo litachimbwa tu."

"Chimba," Terry alimjibu. "Lakini usichimbe kwa mdomo wa mume wangu."

*

Hawakumfukuza siku hiyo. Kufukuza kunahitaji maelezo. Walimwambia avue vazi, arudishe kitambulisho cha mlangoni, aende nyumbani asubiri kupigiwa simu. Scovia alimsindikiza hadi mlango wa nyuma wa wafanyakazi, karibu na mapipa ya taka, akiwa amenuna. Kisha akamtia mkononi kifurushi cha tende kilichofungwa kwa leso ya hoteli. "Mimi pia kwetu wana kampuni," alisema, akarudi ndani haraka kabla hajaonekana.

Augustine alimngoja nje, koti la Iddi begani. Jua la mchana lilikuwa kali na njia nyeupe. Walitembea kuelekea nyumbani.

"Nilitabasamu," Augustine alisema hatimaye.

"Nilikuona."

"Sijui kwa nini nilitabasamu, Terry."

Alijua, naye Terry alijua, na hakumwambia si kitu, kwa sababu kilikuwa kitu. Lakini alimshika mkono barabarani, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya katika mji ule.

Walipofika chumbani walimpigia Mwaitu. Simu iliita mara nyingi. Walikuwa wamekwisha kupanga waseme nini, waanze na lipi, wamfiche lipi, na hasa wamfiche habari ya kazi. Picha ilipotokea, mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono yake myeusi hadi kwenye vifundo.

"Mwaitu, uko salama? Mbona mikono hivyo?"

"Niko salama. Niambieni nyinyi. Mlisema?"

"Tulisema," Augustine alijibu. "Mimi nilisema, wakapindua. Terry akasema tena."

"Wakasikia?"

Terry aliwaona tena wale watu na vikombe vyao. "Mmoja alisikia, Mwaitu. Wengine walikwenda kunywa kahawa."

Mwaitu alitikisa kichwa polepole, bila mshangao, kama mtu anayepewa bei ya chumvi. "Sawa. Mimi sikuwa nawangoja hao," alisema. "Tangu waje na brashi yao hakuna aliyeniuliza mimi. Hata nyinyi. Jana mlinipigia kuniambia Augustine atasema hapana. Vizuri. Lakini mliniuliza?"

Terry, aliyechemka jikoni Ijumaa kwa sababu hiyo hiyo, alihisi aibu ikimpanda shingoni.

"Basi ngojeni niwaonyeshe." Simu ikayumba, ikaonyesha anga, kuku, ukingo wa kanga, kisha ikatulia mbele ya mlango wa jiko. Msalaba mwekundu ulikuwa bado pale. Juu yake, kwa herufi kubwa zilizopinda, herufi za mwanamke aliyejifunza kusoma akiwa na wajukuu, ubao mzima ulikuwa umeandikwa, juu hadi chini, kila mstari neno lile lile: HAPANA. HAPANA. HAPANA. Mengine yalikuwa yamekolezwa mara mbili, mpaka wekundu ukazama.

"Na kwa nyumba pia," sauti yake ilisema nyuma ya simu. "Na kwa choo."

"Umeandika na nini, Mwaitu?" Terry aliuliza.

Mkono mweusi ulitokea mbele ya picha, umeshika kipande kilichobaki, kidogo kama kidole.

"Na makaa," Mwaitu alisema. "Yale yetu."